Betri zimemuumbua Vitalis

Restituta, acha kahawa za huko Namswea kwanza usome. Vitalis kavua suruali kanisani! Mbele ya padri. KAVUA SURUALI.

Si unajua betri za taa za kuvulia usipa, zile Hedwiga anazowachajia wavuvi hapa Liuli? Kuna mtu alikuwa anaiba nzima na kuacha mbovu. Wavuvi wakamwita Hedwiga tapeli, na aliyepiga kelele kuliko wote ni huyohuyo Vitalis, shemeji yake!

Kila betri Hedwiga akaipaka doa la rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako. Wavuvi akawaonyesha. Vitalis hakuambiwa.

Hedwiga alishamkataza kitambo kuweka betri za ile sigara yake ya umeme, aina ileile ya zile za taa, mfuko mmoja na funguo, maana zikigusana na chuma zinaunguza. Jibu lake? "Mwanamke ndiye wa kunifundisha betri?"

Haya. Leo kwenye foleni ya sadaka Hedwiga yuko nyuma yake, anazisikia mfukoni zikigongana na funguo. Angesema neno moja tu. Hakusema, Resti! Akaendelea kuimba!

Mara moshi. Mayowe. Suruali chini! Betri zikabingirika hadi miguuni pa wavuvi, zote zina doa jekundu.

Paja limebabuka kidogo, hafi. Aibu ndiyo haitapona.

Hedwiga akamsogelea, taratibu kabisa:

"Shemeji, nikufundishe sasa, au bado?"