Nyumba Ambayo Sikujenga Kilungu

Mwaitu mpendwa,

Mama yangu, maparachichi ya Kilungu yameiva, na mwaka huu hakuna aliyenipigia simu kuniambia.

Unakumbuka asubuhi uliponipeleka kwenye kile kipande cha shamba juu ya nyumba yako? Ulikuwa umeshapigilia vigingi vinne. "Mlango uangalie huku," ukasema, "nikikuita usikie." Nilikuwa likizo kutoka Dubai, nikakwambia tutaongea jioni. Mshauri wangu wa kodi alikuwa amenionya: nikiwa na makao ya kudumu Kenya, serikali itanihesabu mkaazi, mshahara wangu uanze kukatwa. Kule haukatwi kitu. Basi nisijenge, na siku zangu za kuwa nyumbani ziwe chache kila mwaka.

Nilipokueleza jioni, ulicheka ukipepeta mbaazi. "Kwa hivyo kodi inakukataza kuwa na mama?"

Nilikasirika. Nikakwambia mambo haya huyajui. Ukaendelea kupepeta.

Ulipougua nilikuja. Dada yangu Mumbua ndiye alikuwa akikuosha na kukulisha. Mimi niliketi kando ya kitanda, simu mkononi, nikihesabu siku. Nilipofunga begi ulinishika mkono wa shati.

"Mwana wakwa, si ukae tu hadi Jumapili? Unipeleke kanisani."

Nikasema siku zangu zimeisha.

Hazikuwa zimeisha, Mwaitu. Zilibaki tisa. Nilikuwa naziweka za Krismasi.

Jumamosi Mumbua akanipigia, akilia. Zile tisa nilizitumia kukuzika.

Sasa kampuni imetupunguza, na kibali changu cha kuishi huku Dubai kinaisha pamoja na kazi. Nilimuuliza Mumbua kuhusu kile kipande. Amepanda kunde. "Kuja tu," akasema, "tutakutandikia sebuleni kama mgeni." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza.

Mshauri amenitumia orodha ya nchi nyingine zisizokata kodi, nichague moja. Nimeisoma mara mbili. Nchi zote ni nzuri, na hakuna hata moja yenye mtu anayenijua. Kesho nitamjibu, nitataja yoyote.

Sikuombi unisamehe, maana ungenisamehe upesi mno. Pumzika, Mwaitu.

Mwanao wa kwanza