Hema kwenye boma langu

Anyango, uko? Wachana na kila kitu usome hii.

Si unajua niko kwenye ile meli ndogo ya kifahari? Griffins ndiye alinilipia siku tatu. "Mama Terry, umechoka. Enda peke yako upumzike." Peke yangu! Nikamshukuru hadi nikalia.

Leo magugu ya ziwani yamefunga njia, kapteni akapitia ufuo wa kwetu. Kwetu, Anyango! Naona hema kwangu. Mwenye kutuongoza anasema, "Nasikia pale bwana mmoja anapokea bibi wa pili. Tuwapungie!" Abiria wakapiga makofi. Kapteni akapiga honi.

Nikaomba darubini. Ni Griffins. Griffins mwenyewe, na shati nililompigia pasi jana, anatupungia mkono akicheka!

Bibi wa pili. Kwa boma langu. Na mimi nimeshika glasi ya juisi kama mjinga.

Nilitaka kukupigia nilie. Halafu nikaangalia hema vizuri. Ni ile ya bluu, ya akina mama wa kanisa letu.

Anyango, funguo ya stoo ya kanisa si unakaa nayo wewe?