Mkanda wa Ngozi Aliokushonea Mama Yako

Rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kukudanganya kwa kuanza na habari za huko. Za huko unazijua wewe. Za huku ni kwamba studio yetu bado iko pale pale Kitengela, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Vumbi la saruji linaingia dirishani kama zamani, na sasa mimi ndiye ninayezipangusa lenzi zako. Wateja wakipanda ngazi hutazama kiti chako kwanza kabla ya kunisalimia. Wengine husema pole, halafu huuliza kama mwanamke anaweza kweli kupiga picha za mbio.

Jina lako siliandiki. Mama yako bado anashika ile desturi ya kwenu, kwamba aliyezikwa hatajwi tena kwa jina, na boma zima limemfuata. Ikibidi sana unaitwa "yule wa picha". Kwetu Bungoma tungefanya kinyume, tungempa mtoto jina lako upesi ili uitwe kutwa nzima, uvue viatu, uje ule. Dada yangu alipojifungua mvulana nilimwomba. Alikataa. Alisema jina la mtu aliyekufa vibaya halipewi mtoto, na hata bibi yetu angesema hivyo hivyo. Basi kwenu hutajwi na kwetu hurithiwi, na kilichokuweka hapo ni ukaidi wako mwenyewe.

Ndiyo, nimesema ukaidi. Nani asiyejua ulivyokuwa ukiitukana mikanda ya watu? Ule mwembamba unaokuja na kamera ndani ya boksi, wenye jina la kampuni kwa herufi kubwa, ulisema unakata shingo na unamtangazia mwizi mali. Ule wa mpira laini unaovutika, nilioupenda mimi, ulisema ni wa mtu anayesimama. Ukikimbia nao kamera inadunda mpaka unakosa pumzi. Ulinifundisha kuuvaa mkanda kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, kamera ikae nyuma kidogo ya mfupa, ili mkono ukishuka uikute bila kutafuta. Uzito ubebwe na bega, shingo ipumzike. Na kabla ya kazi yoyote, vuta kwa nguvu pete zote mbili zinazoshika kamera. Ulinirukisha kwenye korido na lenzi ndefu huku wateja wakicheka, ukaniambia, "Ikikugonga, kaza. Ikikubana, legeza." Hayo yote yalikuwa kweli. Hadi leo napiga harusi ya kutwa nzima na shingo yangu haiumi.

Kisha wakakupora kamera. Tulikuwa kwenye maandamano ya kanisa mjini, mtu akapita na pikipiki, akavuta, mkanda wa dukani ukakatika kwenye mshono. Ulikaa kando ya mtaro umeshika kipande kilichobaki, na hukutaka hata maji. Tangu siku ile hukusikia la mwadhini wala la mteka maji. Ulienda nyumbani Kajiado, ukamwambia mama yako akushonee mkanda usiokatika.

Yule mama akakushonea kweli. Ngozi ya ng'ombe ya tabaka mbili, upana wa vidole vitatu, na upande wa ndani ngozi laini ya kondoo isikusugue. Pembeni akatia shanga nyekundu, nyeupe na buluu. Aliufanya mrefu ili ukutoshe juu ya koti. Sikatai, ulikuwa raha kuuvaa. Niliujaribu nikaona kamera imekuwa nyepesi. Lakini nilikuambia ni mrefu mno, unaning'inia, na hauna mahali pa kuachia. Nikakutafutia Nairobi ile klipu ya plastiki inayofunguka yenyewe ukivutwa ghafla, nikakuomba uitie katikati. Ulicheka. "Kitu cha kuachia ni cha nini, Nafula? Mama ameshona ng'ombe mzima hapa." Ukaitupa kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa.

Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwapigia kelele akina mama walioketi kwenye boda boda. Mama, kunja leso, itaingia kwa gurudumu. Uliwaambia wageni barabarani, watu ambao hawakukujua. Mimi niliyekujua nikikuambia kitu kile kile, nilikuwa mwoga.

Siku ya mbio za baiskeli kwenye barabara ya Magadi ulipanda pikipiki ukiwa umeipa mgongo njia, ili uwapige picha wale wa mbele uso kwa uso. Mimi nilikuwa nawasubiri kwenye kona, chini kidogo ya Kona Baridi. Nilikuona ukija. Nilikuona ukiinama ili upate magurudumu yao karibu na lami, na ule urefu wote wa mkanda ukashuka pembeni, ukanaswa na gurudumu la nyuma. Sitaandika nilichokiona baada ya hapo. Nitasema tu kwamba yule dereva ilibidi aukate kwa kisu, na ngozi ya mama yako haikukubali upesi. Nimeirudia picha hiyo kichwani mara nyingi kuliko picha yoyote uliyowahi kunifundisha, na kila mara nakutukana.

Mazishini mwandalizi mmoja wa mbio alishika maikrofoni akasema umekufa ukifanya ulichokipenda. Watu wakaitikia amina. Nilitaka kumnyang'anya ile maikrofoni. Ulipenda picha, ulipenda mwanga wa asubuhi, ulipenda nyama ya mbuzi na kuninyima mbavu. Gurudumu hukulipenda.

Kaka yako aliwaambia wazee kwamba ulianguka tu kutoka kwenye pikipiki. Ule mkanda aliutupa chooni kabla mama hajauona. Akatuomba sisi tuliokuwepo tusiseme zaidi, tukakubali, kwa kuwa nani angesimama mbele ya yule mama aseme?

Lakini wanawake walinong'ona, naye ana masikio. Baada ya muda aliniita. Nilimkuta mlangoni, akanisalimia "Takwenya", nikaitikia "Iko", nikamwita yeyo, mama, kama ulivyonifundisha. Alinipa chai ya maziwa, akaningoja niimalize yote. Kisha akarudisha mlango, akaniambia amesikia habari ya mkanda, na ameshajua mambo yalivyokwenda. Eti mkanda wake ulikatika. Kamera ikaanguka, wewe ukajitupa uidake, ukaenda nayo chini. Ndivyo alivyojipangia mwenyewe, akiwa peke yake na hakuna wa kumwambia sivyo. Shanga zake zote alikuwa amewagawia wake za kaka zako. Alisema mikono iliyoshona kitu kibovu kikamuua mtoto haifai kushika sindano tena.

Akaniuliza, "Niambie ukweli, mtoto yangu. Ile mkanda yangu ilikatika?"

Wewe ulipaswa kuwa pale. Hilo ndilo siwezi kukusamehe, kwamba ulijichagulia mkanda wako kwa kicheko ukaniachia mimi swali lake. Ningesema ulikatika, ningemzika na aibu yake. Ningemweleza yote, ningemzika na kitu kibaya zaidi. Kulikuwa na neno moja tu la kweli ambalo lingemwacha hai, nami nikalisema nikimwangalia machoni.

"Haukukatika, yeyo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alifumba macho. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu ufe, kaka yako aliniambia baadaye. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru, ashe oleng, ashe oleng, akamshukuru na Mungu kwamba haikuwa kazi ya mikono yake. Alinibariki. Alinitemea mate mikononi kama anavyowabariki watoto wake mwenyewe. Nami nilikaa pale nikibarikiwa kwa ajili ya neno lile, nikikuchukia vibaya sana.

Tangu siku hiyo anakula. Amewaomba wake za kaka zako wamrudishie shanga, nao wamerudisha. Anashona tena pale nje asubuhi, na jirani zake wanasema Mungu ni mkubwa. Nilifurahi, sikufichi. Nilidhani yameisha.

Jumamosi iliyopita akaniita tena. Alikuwa amenishonea wa kwangu. Ngozi ya ng'ombe, tabaka mbili, na ndani ile ya kondoo. Akanivalisha mwenyewe, begani hadi nyonga, akaninyoosha kola. Akashika mkanda kwa mikono yote miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka nikapiga hatua kumwendea. Akacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu uzikwe.

"Vile ulisema ile ya kwanza haikukatika," akaniambia, "hii nimefanya nguvu zaidi. Hii haitakuachilia, Nafula."

Nilimshukuru. Nifanye nini? Nilimpiga picha akiwa amesimama karibu na zizi, mkanda wake begani mwangu, naye akanyoosha shingo kwa maringo kama bibi harusi. Nilitembea mpaka barabarani nikiwa nimeuvaa, maana alikuwa amesimama langoni akinitazama. Nilipofika mahali asipoweza kuniona niliuvua, nikaukunja ndani ya mkoba kabla ya kupanda boda.

Kazini navaa mkanda mfupi wenye klipu ya kuachia, na kila asubuhi nauvuta mpaka ufunguke ndipo nitoke. Nimeshaporwa lenzi moja kwa sababu yake. Ichukuliwe. Wa mama yako siwezi kuutia klipu, kwa kuwa nitalazimika kuukata mshono wake, na yeye huukagua kila nikienda. Basi kwake nitauvaa, kwa miguu, ndani ya boma, kadiri atakavyoishi. Nitampiga picha akishona. Watoto wa kaka zako wakija kuniuliza ulivyokufa, nitawajibu kama kaka yako alivyowaambia wazee. Haya nakuahidi, na ujue nakuahidi kwa ajili yake. Mimi na wewe bado tuna kesi, na sijui nitakusamehe lini.

Pumzika, mkaidi wewe. Na siku atakapofika huko, akakushika mkono akakuuliza lile swali, usimweleze. Mwambie haukukatika, kisha unyamaze, kama nilivyonyamaza mimi.

Ni mimi,
Nafula