Mwenye Mlango Mgongoni

Ndalu, Jumapili jioni, Agosti 1991

Ati shemeji alale katika nyumba yetu mpya usiku mmoja tu, kisha mimi niingie. Mama mkwe amesema hivyo leo tukitoka kanisani, polepole, kama mtu anayeomba chumvi. "Mwanangu, nyumba inaoza bure. Mchwa wameanza."

Desturi naijua. Mke haingii nyumba mpya kabla mume hajalala ndani. Lakini ndugu yake akilala badala yake, si tutakuwa tumesema mume wangu Wekesa amekufa? Nilimjibu mama vibaya. Sikuipenda sauti yangu.

Ndiyo maana nimekaa mbele ya picha ya rangi za mafuta ambayo Wekesa aliichora kabla ya kuondoka, miaka minne sasa. Nyumba ndefu kama kanisa, ngazi zinazopanda mpaka hewani, watu wasio na nyuso wamesimama nje na sufuria vichwani. Mlango hakuna. Nilipomuuliza alicheka tu. "Utauona, bana."

Leo nimeisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, na nimeuona. Juu kabisa ya ngazi kuna mtu mdogo kama punje ya wimbi, amebeba mlango wa buluu mgongoni.

Nilifurahi kama mjinga. Nikataka kumkimbilia mama nimwonyeshe.

Halafu nikatazama tena. Hana uso, na miguu yake imezama ndani ya rangi. Siwezi kujua kama anatuletea mlango au anaondoka nao.