Apa Tu, Yaishe

Guangzhou, China, Alhamisi, Machi 1998

Unyevu umezidi leo. Kuta za chumba zinatoa jasho kama mimi nikipanda ngazi, na sakafu inateleza. Nimekaa kitandani na kitambi changu, nimekasirika, na sijui vizuri nimemkasirikia nani.

Nimepoteza rafiki kwa kukataa kuapa.

Kwa miaka mitano mimi na Hamadi, Mzanzibari, tumejaza kontena moja kwa pamoja. Jinzi zetu zinashonwa kwenye kiwanda kidogo kule Xintang, na mshono wa mfukoni aliubuni yeye mwenyewe. Juzi akapigiwa simu kutoka Kariakoo: kuna mtu anauza jinzi zenye mshono uleule. Sampuli tulikuwa nayo wawili tu, yeye na mimi.

Leo baada ya chakula cha mchana akaniuliza mbele ya Mudi, mfanyabiashara mwenzetu wa Dar. Nikamjibu sikumwonyesha mtu.

"Mimi nakuamini, yakhe," akasema. "Lakini moyo haujatulia. Apa tu, yaishe."

"Nimeshakwambia, Hamadi."

"Ndo uape basi! Si lazima useme Wallahi. Apa kwa Mungu huyo huyo wa kwenu."

"Siwezi."

Mudi akacheka mpaka chai ikampalia. "Mzee Yakobo bwana! Bia anakunywa, kuapa anaogopa!"

Hamadi hakucheka. Kwake kiapo si mchezo. Sijawahi kumsikia akiapa ovyo. Anayekikwepa ana lake jambo. Nilimwona akinihukumu, na ningekuwa yeye ningehukumu vilevile.

Nitamwelezaje? Nimekulia kwa Wamenoniti, Wakristo wa msimamo mkali, kandokando ya ziwa, Mara. Kwetu hereni dhambi, ngoma dhambi, na kuapa ndiyo usiseme. Ndiyo yako iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Nikiwa darasa la tatu niliapa "haki ya Mungu" kwamba sikuiba penseli ya mwenzangu. Na kweli sikuiba. Baba, mzee wa kanisa, akanisimamisha mbele ya ushirika wote nitubu kile kiapo. Nilivaa kaptula yenye kiraka, nikajikojolea. Watu wakaimba pambio.

Nikiwa na miaka ishirini na miwili nikacheza ngoma kwenye harusi ya binamu yangu. Wakataka nitubu tena. Nikawaambia siwezi kusema ninajuta, maana nilifurahi sana, na ninyi ndio mlionifundisha nisiseme uongo. Nilidhani nimesema neno la busara. Wakanitenga. Baba akamwambia mama aniwekee chakula peke yangu, jikoni, na mama akatii. Nikavumilia wiki mbili, kisha nikapanda lori la dagaa kwenda Mwanza.

Baba alikufa bila kunipa mkono.

Tangu hapo nimeacha yote. Bia nakunywa, Mudi hakukosea. Pete ninazo mbili. Kanisani siingii, hata kwenye harusi nasimama nje kama dereva. Nilijua nimetoka. Kumbe nilitoka na mwili tu, ulimi wakabaki nao.

Alasiri nilijaribu. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikasema, "Haki ya..." Nikaiona kaptula ile. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita! Nikaenda hivyo hivyo hadi chumbani kwa Hamadi, nikijiambia mdomo utajua wenyewe.

Akafungua mlango nusu. "Umekuja kuapa?"

"Nimekuja kukwambia ukweli."

"Huo nishausikia," akasema taratibu, bila ukali. "Kontena hili napakia peke yangu, Yakobo. Tafuta watu wengine."

Hakuniita yakhe.

Kontena haliniumi sana. Kinachoniuma ni kwamba baba angekuwa hai, leo ndiyo siku angenipa mkono. Angesema, mwanangu, umeshinda. Sitaki ushindi wake. Nilitaka kunywa chai na Hamadi.

Kesho naenda kuwaomba wafanyabiashara Wakongo nafasi kwenye kontena lao. Wataniuliza kwa nini nimeachana na Hamadi. Nitawaeleza mara moja tu, bila kiapo, kama nilivyolelewa, halafu nitawatazama wakitazamana.