Kilomita za Nani

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na sikio la kushoto bado linavuma, au nalo limelala kama la kulia? Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kubeba mawe ya mizani kutoka ghala hadi ghala. Wenye maghala wakiniona nakuja kukagua mizani zao wanachangamka ghafla na kuniletea kiti, kwa hiyo ujue kazi inaendelea kama kawaida.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Kigari changu kinapanda mlima kikiomba radhi, nami nimekichoka. Nimepata mawili ya kuchagua. Yote ni aina moja, saluni za spoti, milango minne, rangi ya buluu iliyoiva, injini kubwa kuliko akili yangu. Usicheke. Nina haki ya kulipita lori mara moja moja.

La kwanza liko kwenye yadi ya magari. Limetembea kilomita elfu arobaini tu, viti bado vina nailoni. Lakini dalali hajui lilikuwa la nani wala lilikuwa likitengenezwa wapi, na nikimuuliza anaanza kupangusa kioo. La pili ni la mwalimu mkuu mstaafu, mjane, anayekaa peke yake mtaa wa nyuma ya ofisi yetu. Limetembea laki tatu na ushee! Ila anaapa halijakosa sevisi hata moja, na kweli, oili yake ina rangi ya asali. Wenzangu wanasema nikinunua laki tatu nitakuwa nimenunua marehemu.

Wewe umelala chini ya magari maisha yako yote. Niambie nishike lipi. Nimekuchapishia picha za injini zote mbili, nyuma nimeandika lipi ni lipi.

Mwanao,
Kitinda

12 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Magoti yanauma, sikio linavuma, mdomo uko salama, kwa hiyo kaa usikilize.

Kilomita chache zinawapendeza watu wasiofungua boneti. Gari likikaa tu, mipira inakauka, oili inakuwa uji, na mkanda wa taimingi unazeeka hata kama haujazunguka. Tena hizo elfu arobaini nani kazihesabu? Nenda ukatazame raba ya pedali ya breki. Kama imelika ukingoni, umedanganywa. Mita inarudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye waya na roho mbaya, lakini pedali hairudishwi. Ningekuwa mimi, ningechukua lililotembea sana likatunzwa. Angalau hilo limeshakuonyesha tabia zake zote. Lingekuwa na nia ya kufa, lingekufa kwenye laki ya kwanza.

Hayo niliandika jana. Leo nimezirudia picha kwa miwani na kwa lenzi ya kusomea. Kwenye injini ya mwalimu, juu ya kila boliti ya kifuniko, kuna mstari mdogo wa buluu. Kiwandani hawapaki hivyo. Ile ni rangi ya kucha.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikaza boliti naiwekea nukta nyekundu ya rangi ya kucha, ili nijue nimeshaimaliza, na gereji nzima inanicheka? Kaka yako Twiga nilipomfundisha kazi aliikataa nyekundu. Alinunua chupa yake ya buluu, na badala ya nukta akawa anavuta mstari, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa ule mkono wake wa kushoto. Mstari unaanza mnene, unaishia mwembamba. Sijawahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo, nami nimeona mafundi.

Tangu Twiga atoke kwenda kujaribu gari la mteja asirudi, miaka sita sasa, nimeambiwa amekimbia, nimeambiwa ameoa mbali, nimeambiwa nimsahau. Mteja mwenyewe ni nani, hatukuambiwa. Muulize huyo mwalimu fundi wake ni nani. Usinunue wala usikatae. Muulize kwanza.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umekaa, na kama hujakaa, kaa.

Nilikwenda kwa mwalimu mchana wa Jumamosi. Ni mama mmoja mwembamba, kila kitu sebuleni kwake kimefunikwa kitambaa, hata redio. Nikamuuliza kuhusu fundi. Alinitazama kama mwanafunzi aliyemuuliza swali ambalo haliko kwenye somo.

"Huja mwenyewe," akasema. "Simwiti. Oili ikikaribia kuisha muda, nasikia spana uani. Naweka chai kwenye kizingiti. Baadaye nasikia, 'Tayari, mwalimu.' Nikitoka, boneti imefungwa na chai imepoa, haijaguswa."

"Humwoni?"

"Nimeona miguu. Imetokeza chini ya gari. Mirefu, mwanangu, mpaka unajiuliza mwili wenyewe umeenea vipi humo chini."

Nikamuuliza ameanza kuja lini. Akaniambia, na mimi nakuandikia alivyosema, bila kuongeza chumvi. Miaka sita iliyopita marehemu mume wake alilipeleka gari gereji. Jioni walilikuta limeegeshwa getini kwao, injini ya moto, ufunguo umo, kiti cha dereva kimesukumwa nyuma kabisa. Fundi aliyetoka nalo kulijaribu hakuonekana. Mwenye gereji alikuja akawasihi wasiseme neno, wasije wakamwingiza kwenye matatizo, nao wakanyamaza. Sevisi ya kwanza baada ya hapo ilifanyika yenyewe.

Mama, ni lile gari. Aliloondoka nalo Twiga.

Nilitaka kumfokea yule bibi, nikaishia kumnyooshea kitambaa cha redio. Nikamuuliza mbona anauza gari linalotunzwa hivyo. Akasema anataka kupata mchana mmoja wa kimya kabla hajafa. Kisha akaniambia jambo jingine: yeye huendesha hadi sokoni na zahanati, basi, lakini kila sevisi ikiisha mita imepanda. "Mimi sijafika popote," akasema. "Kilomita za nani hizo?"

Naogopa, na hapohapo nina furaha ya ajabu, na hiyo furaha ndiyo inayoniogopesha zaidi. Pedali ya breki ya gari la yadi niliitazama. Imelika. Nifanye nini?

Kitinda

26 Machi

Mwanangu,

Nunua. Usibishane bei, usilipeleke kwa fundi yeyote, na hiyo mistari usiifute.

Halafu nisikilize vizuri, maana sijawahi kumwambia mtu maneno haya. Usibadilishe oili. Acha muda upite. Mimi niliyekuwa nawafukuza wateja gerejini kwa kuchelewesha sevisi wiki moja, leo nakwambia ichelewe. Twiga hawezi kuvumilia injini inayonung'unika. Hata akiwa mtoto aliinuka mezani na tonge mdomoni kwenda kusikiliza gari la jirani.

Usimkimbize. Mwambie mama yake anamsalimia.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya. Nilianza barua tatu nikazichana.

Nilinunua. Ni gari tamu, mama, lazima niseme. Linateleza. Nililipita lori nikacheka peke yangu. Nikafanya ulivyosema, nikaacha muda wa oili upite, na kila nikiwasha naona aibu kama mtu anayemnyima mgonjwa dawa.

Jumanne nilikuwa kwenye ghala la saruji. Niliegesha kivulini, nikaingia na mawe yangu ya mizani. Nilipotoka saa nane mchana boneti ilikuwa ya moto. Nikaifungua. Oili mpya, safi. Kwenye kila boliti mstari wa buluu juu ya ule wa zamani, bado unanata. Rangi ilinishika kidoleni, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwetu, wewe umekaa na chupa yako, yeye na yake, mnabishana juu ya mkunjo wa mkono wakati wa kupaka. Nililia palepale, wapagazi wakadhani nimefukuzwa kazi.

Mlinzi aliapa gari halikutoka. Lakini mita ilikuwa imepanda maelfu ya kilomita, karibu kufikia sevisi nyingine, na nilipokaa kuendesha miguu yangu haikufika kwenye pedali. Kiti kilikuwa nyuma kabisa.

Nimeelewa zile laki tatu. Ukishatengeneza gari unatoka nalo kulijaribu, wewe ndiye uliyemfundisha hivyo. Mama, bado yuko kwenye lile jaribio. Analirudisha gari kila mara, mwenyewe ndiye hajui namna ya kurudi.

Nilimfikishia salamu zako. Nilizisema kwa sauti, kwenye gari tupu, nikajiona mjinga. Taa ya ndani ikawaka, ikazimika.

Kitinda

14 Juni

Kitinda,

Marahaba, na usilie mbele ya wapagazi, watakuzoea.

Nakuja. Magoti yatanyamaza. Acha oili ipitilize tena. Safari hii nitakaa ndani, kiti cha abiria. Nilipokuwa nikimfundisha hakuwahi kwenda kujaribu gari peke yake, mimi nilikaa kushoto kwake namwambia sikiliza hapa, punguza hapa, haya geuza turudi. Siku ile nilikuwa nimeshastaafu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia geuza.

Nimefungasha nguo mbili na chupa yangu nyekundu. Imekauka kidogo, nimeitia asetoni.

Mama yako

18 Juni

Mama,

Usije. Nakuomba kwa heshima zote, na heshima isipotosha nakuomba kwa magoti. Nami nampenda. Lakini kaka nimeshamzoea katika kutokuwepo, wewe sijakuzoea hivyo na sitaki kujifunza. Kesho nabadilisha oili mwenyewe, kwa wakati, na nitaendelea hivyo hivyo mpaka asiwe na sababu ya kuja. Kuna mtu anataka kulinunua. Akiuliza kilomita nitamwambia za kweli, akiuliza historia nitamwambia limetunzwa.

Nijibu kwa haraka. Nimemwambia jirani yako akusomee hii kwa sauti kubwa.

Kitinda

2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa anwani ya nyumbani kwa kuwa sina nyingine. Jirani ameirudisha ile barua yangu ya kukuomba usije. Hukuifungua, ulikuwa umeshapanda basi.

Sijui kwa nini sikukuzuia ulipobisha mlangoni. Ulikuwa umesuka nywele. Miaka mingapi sijakuona umesuka? Ulikagua tairi kabla ya kunisalimu, ukasema zinatosha. Wiki ile ya kungoja tulikula, tukasengenya ukoo mzima, ukanifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni, wewe mwenye sikio bovu. Ilikuwa wiki nzuri kuliko zote. Oili ilikuwa imepitiliza, nilishindwa kuibadilisha, na sote wawili tulijua, hatukuitaja.

Siku ile ulijifunga mkanda ukaniambia niende kazini kwangu, nisisimame kama nguzo. Niliingia ghalani. Nilipima mizani moja, sikumbuki ilisoma nini. Nikasikia injini ikiwaka, tamu, halafu sauti yako ikisema jambo, kwa ile lafudhi yako ya kuamrisha. Nilikimbia. Gari lilikuwa pale pale, boneti ya moto. Kiti cha dereva nyuma kabisa. Mkanda wako umefungwa, hakuna mtu ndani yake.

Mlinzi anasema halikutoka. Polisi wanasema wazee hupotea, wamechukua picha yako. Mita nimeitazama. Mlikwenda mbali.

Kwenye boliti ya katikati kuna mstari wa buluu, na pembeni yake nukta nyekundu. Kwa hiyo ulimwona. Najaribu kufurahi kwa ajili yako, na kuna saa naweza.

Yule mnunuzi nimemfukuza. Sikuweza kubadilisha oili. Nilishika spana mara mbili nikaiweka chini. Wewe ulikwenda umwambie geuza turudi, na wewe humsikii mtu anayekwambia geuza, hujawahi kumsikia. Nani sasa atakayewaambia nyinyi?

Oili imepitiliza tena. Naandikia hapa ndani ya gari, nje ya ghala la saruji, ni mchana na wapagazi wanapita na mikokoteni yao. Nimekaa kiti cha nyuma, kama nilivyokaa utotoni nyinyi wawili mkiwa mbele. Dakika chache zilizopita boneti ilifunguka na kunifunikia kioo chote. Nasikia spana. Nasikia watu wawili wakibishana juu ya mkunjo wa mkono.

Barua nimeshaibandika stempu, nitamwita mpagazi dirishani aitie posta.

Boneti imefungwa. Kiti cha dereva kimerudi nyuma, kimenigusa magoti. Nimesogea, nimewapisha.

Wenu,
Kitinda