Mama Halali kwa Mkwe

Jumanne, 5 Agosti. Wamagana

Matone mawili kila jicho, asubuhi na jioni. Leo Mama hakupepesa macho. Ameanza kuzoea, au amechoka kunigombeza. Ni presha ya macho, na daktari alituambia wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Jicho la kushoto linaona mwanga tu. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Nimemwomba tena aje kuishi kwetu Naro Moru. Amekataa tena. Mama halali kwa mkwe. Alizaliwa akakuta hivyo, na kwa miaka themanini na moja haoni sababu ya kuanza mambo mapya. Wiki iliyopita alimwaga maji ya moto karibu na mguu wake kwa sababu hakuiona sufuria. Nilimuuliza kama desturi itamshikia sufuria. Akaniambia nisimletee ualimu wangu, nilishastaafu.

Kitu kimoja amekubali: kuzunguka Mlima kwa gari letu, kuanzia leo mchana; kuku wake tisa amemwachia jirani. Maisha yake yote ameuona akiwa shambani kwake, upande mmoja tu. Anataka kuona mgongo wake kabla macho hayajafunga. Gari ni lile la kulala, paa lake linainuka na kuwa chumba cha juu. Mume wangu, Baba Wanja, aliendesha watalii maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu akalinunua kwa wazungu wawili waliochoka na safari. Nilimwambia Mama kwamba gari si nyumba. Akafikiri kidogo. Akasema ni kweli, gari si nyumba.

Sikumwambia ninachotaka. Akilala siku kadhaa hatua mbili kutoka kwa mkwe wake na dunia isiishe, labda atakubali na chumba. Ni ujanja. Sioni haya hata kidogo.

Jumatano, 6 Agosti. Kerugoya

Tuko uwanja wa kanisa, chini ya ukuta. Jana jioni Baba Wanja aliinua paa kwa maringo. Kitanda cha juu chetu, cha chini cha Mama. Mama akagusa ngazi, akauliza ni nani huyo atakayelala juu ya kichwa chake. Paa likateremshwa.

Kwa hiyo Mama na mimi kitanda cha chini, kule nyuma. Shuka limetundikwa katikati. Baba Wanja mbele, kwenye viti viwili, goti moja kwenye usukani. Mtu mrefu vile. Hakulalamika.

Anasema paa chini kuna usalama wake. Mpita njia anaona gari la kawaida, turubai halipigwi na upepo wala mvua, na kukitokea jambo unawasha unaondoka. Shida ni hewa. Paa likiwa chini, vioo viachwe wazi kidogo, mbele na nyuma.

Hawaongei, hawa wawili. Miaka thelathini na moja tangu tuoane. Wanasalimiana kwa mbali, wanaulizana kuhusu mvua, basi. Mengine yote yanapitia kwangu.

"Mwambie Mami dirisha iachwe wazi kidogo." Anasema hivyo Mama akiwa amekaa hapo hapo.

"Mwambie Baba Wanja ati mimi niko na kifua." Naye anasikia kila neno.

Nimekuwa posta. Kioo cha nyuma nilikiacha wazi. Asubuhi nimekikuta kimefungwa, dari inadondosha matone, blanketi lina unyevu. Nimemtazama Mama. Amejifanya haoni, na kwa hilo ana ruhusa ya daktari.

Alhamisi, 7 Agosti. Chuka

Ameuona.

Asubuhi mapema, kabla ya mawingu. Baba Wanja alijua mahali, kilima kidogo juu ya mashamba ya chai. Alitoa kiti kidogo cha mbao, akakiweka mahali pazuri, kisha akarudi nyuma hatua kumi na kujitia anakagua gurudumu. Mama alikaa. Nilimgeuza kichwa mpaka jicho la kulia likaupata.

Halafu akasema huku Mlima uko na mabega. Kwao una kichwa tu. Alicheka peke yake. Nilikuwa nimesahau anavyocheka akifurahi, anaziba mdomo kama msichana. Nampenda mama yangu mpaka nakasirika.

Akasema, "Mwambie asante." Baba Wanja alikuwa ameshasikia, nilimwona akiinama zaidi kwenye gurudumu. Nilimpelekea hata hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti. Timau

Baridi ya huku ni ya wazimu. Tuko uwanja wa kanisa tena, na nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Nimevaa sweta mbili na bado naandika kwa vidole vigumu.

Safari haiendi nilivyopanga. Mama hulala akijibana ukutani asisikike akikohoa. Baba Wanja hageuki usiku kucha viti visilie. Wanaheshimiana mpaka hakuna anayelala. Katikati niko mimi, na leo peke yake nimebeba maneno kama ishirini kwenda na kurudi, kuhusu chumvi, kuhusu soksi, kuhusu kioo. Nimechoka. Nimewachoka wote wawili.

Mama ameniuliza kama miguu ya Baba Wanja inatoka nje ya blanketi. Nikamwambia miguu ya Baba Wanja hutoka nje ya kila blanketi. Hakucheka.

Mama alipoenda msalani, Baba Wanja akaniita. "Mwambie Mami jiko isiingie ndani ya gari, hata dakika moja. Hata kama makaa inakaribia kuzima." Nikasema sawa. Mama aliporudi akauliza mkwe wake amesema nini. Nikasema amemtakia usingizi mwema. Inatosha kwa leo.

Jumamosi, 9 Agosti. Nanyuki, hospitalini

Yuko hai.

Jumapili, 10 Agosti. Nanyuki

Niandike kama ilivyokuwa.

Jana alfajiri nilienda na mtungi kwenye mfereji ulio nyuma ya kanisa. Nikamkuta mke wa mchungaji, tukasimama kuongea. Tuliongea sana.

Mama alikuwa amewasha jiko nje, peke yake, kwa kupapasa. Alingoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kama alivyofanya siku zote kabla ya kuingiza jiko kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Kisha akalibeba, akafungua mlango wa ubavuni, akaliweka sakafuni nyuma ya viti vya mbele, karibu na miguu ya mkwe wake. Alikuwa amemsikia akitetemeka meno. Akafunga mlango ili joto lisitoke. Vioo vyote alikuwa ameshavifunga. Paa chini.

Yeye mwenyewe alibaki nje kwenye ile baridi, juu ya kiti cha mbao. Hawezi kukaa na mkwe nyuma ya mlango uliofungwa. Hilo ndilo lililomwokoa yeye.

Alikaa akisikiliza mkoromo wa Baba Wanja, akifurahi kwamba hatimaye amelala. Kisha mkoromo ukawa mzito. Kisha haukusikika. Aliniita mimi. Sikuwepo. Akamwita yeye, kwa sauti, mara tatu. Halafu akafungua mlango wa mbele, akamshika miguu na kumvuta.

Sijui alipata wapi nguvu. Nilipotokea na mtungi wangu, Baba Wanja alikuwa chini kwenye nyasi, uso umebadilika rangi, kichwa kwenye mapaja ya Mama. Mama alikuwa anampiga makofi mashavuni na kumwamuru apumue. Mwanamke ambaye hajawahi kumshika hata mkono.

Niliendesha mimi. Vioo vyote wazi, Mama nyuma akiwa amemshikilia. Wamemwekea hewa ya mtungi. Daktari, kijana mpole, ametueleza kwamba makaa yasiyo na moshi ndiyo watu huyadharau, na ndiyo yanayoua. Sumu yake haina rangi wala harufu. Gari lililofungwa, paa limeteremshwa, hewa yake ni kidogo kuliko ya chumba. Angekaa kidogo tu zaidi.

Mama tangu jana anarudia maneno yale yale: nimetaka kuua mtoto wa watu. Leo mchana nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia. Baba Wanja alikuwa amenituma ujumbe kuhusu jiko, nami sikuufikisha kwa sababu nilikuwa nimechoka kutumwa. Ni mimi.

Nilitaka anitukane. Akauliza tu, "Na mbona hakuniambia mwenyewe?"

Nimelia kwenye choo cha hospitali mpaka mtu akagonga mlango.

Jumatatu, 11 Agosti. Nanyuki

Mama amefunga mfuko wake. Anataka Wamagana. Anasema mtu asiyeona asikae karibu na watoto wa watu. Nimebembeleza, nimekasirika, nimebembeleza tena. Nimempoteza, najua. Safari ya kumleta karibu ndiyo imemfukuza.

Baba Wanja ametoka saa sita. Kichwa bado kinamuuma, anatembea akigusa ukuta. Alinipita. Alienda moja kwa moja hadi kwenye benchi alipokaa Mama, akachuchumaa mbele yake.

"Mami, lakini hata hivyo miguu ilipata joto."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha kweli akalia, na Baba Wanja akabaki amechuchumaa pale pale, na watu wakipita.

"Wewe mtu mrefu hivi," Mama akamwambia, "ulikubali vipi kulala kwa kiti?"

"Sasa ningefanya nini, Mami? Wewe ndio ulikuwa nyuma."

Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimeshika dawa. Sikuwa na kazi. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu.

Mama amekubali kupitia Naro Moru. Siku mbili, amesema. Na halali ndani ya nyumba.

Alhamisi, 14 Agosti. Naro Moru

Siku mbili zimepita, hakuna aliyezitaja.

Mama analala kwenye gari. Liko uani, karibu na mlango wa jikoni, paa chini kwa sababu ya upepo. Kitanda chote cha nyuma ni chake. Anakula nasi, anatusema, kisha anaenda kulala kwake. Baba Wanja amefunga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye gari ili aifuate kwa mkono.

Kila jioni anafungua kioo cha mbele na cha nyuma, vidole vinne kila kimoja, ameweka na wavu. "Mami, pima," anamwambia. Mama anapitisha vidole kwenye uwazi, wa mbele halafu wa nyuma, anasema iko sawa. Jiko linabaki kwenye baraza. Badala yake namfungia chupa ya maji moto ndani ya sweta kuukuu, anaikumbatia tumboni. Kifua hakijasumbua.

Sijamuuliza atakaa mpaka lini. Naogopa jibu. Leo nilikuwa namenya njegere, yeye amekaa mlangoni kwenye jua. Akauliza kama huku kwetu kuna mwewe. Nikasema wapo, si wengi. Akamwita Baba Wanja, akamwambia basi ajenge banda la kufunikwa juu, lisiwe karibu sana na gari kwa sababu ya jogoo, halafu Jumamosi twende Wamagana tukamletee kuku wake. Wote tisa.